Bila Kelele, Mama Nabiswa

Koki alikuwa amelala ubavu wa kushoto kwenye godoro la sebuleni, mto mmoja kichwani, mwingine katikati ya magoti, akishuka ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa ndani ya simu, katika sauti ya mwalimu wake Lorine, aliyekuwa akimwambia taratibu kwamba kila hatua inampeleka mahali patulivu zaidi. Koki alikuwa amefika katikati. Taya limelegea, mabega yamelegea, hata maumivu ya kiuno yamekubali kukaa kando. Ndipo mlango ukafunguka bila hodi, mwanamke asiyemjua akaingia, akasimama juu yake na kupaza sauti:

"Ninaikemea sauti hiyo!"

Mwenye mimba ya miezi tisa haruki. Koki alijiviringisha, akashika mguu wa meza, akapiga magoti, akapumzika, kisha akainuka. Muda wote huo mgeni alisubiri akiwa ameinua mkono mmoja juu na mwingine ameshika chupa ya mafuta.

"Wewe ni nani?" Koki akauliza, pumzi zikimwishia.

"Naitwa Nabiswa. Mama Nabiswa wa mtaa wa Lucky Summer. Nimetumwa na mama mkwe wako. Zima hicho kitu kwanza, tuongee kama watu."

Kwenye simu Lorine aliendelea bila habari. "Sasa unaachilia. Huna haja ya kushikilia chochote tena..."

"Umesikia?" Mama Nabiswa akasema. "Anakwambia uachilie. Uachilie nini? Mtoto wa watu?"

Koki alizima simu. Alikuwa ameitafuta nafasi hiyo ya kulala tangu asubuhi, kati ya redio ya jirani na watoto wa laini yao ya nyumba waliogeuza ukuta wake kuwa goli. Hapo mtaa wa Ziwani kimya hakipatikani bure. Alipokipata, kumbe habari zake zilikuwa zimebisha hodi kwa Mbinya, mama mkwe wake, huko Kitui.

Hakuhitaji kuuliza habari zilifikaje. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuwa amepiga simu, ikapokelewa na Kyule, mume wa Koki. Mama akauliza, mke wako anaendeleaje? Kyule, kwa ule moyo wake mweupe ambao Koki aliupenda na wakati mwingine alitamani kuupiga sufuria, akajibu, akimwita mama kwa Kikamba: "Yuko poa, Mwaitu. Anajifunza kuhipnotaiziwa."

Sasa, hakuna mtu aliyetembea katikati ya Nairobi asiyelijua neno hilo. Ni wale watu wa mjini wanaokuomba uwaelekeze njia, wanakushika mkono, wanakupulizia kitu usoni, na wewe mwenyewe, kwa miguu yako, unakwenda nyumbani kuwaletea televisheni huku unatabasamu. Binamu mmoja wa Mbinya aliwahi kurudi Kitui bila simu wala viatu, na mpaka leo hajui alivivulia wapi. Kwa hiyo mama aliyekaa kwake akimngoja mjukuu aliambiwa kwamba mke wa mwanawe amejiandikisha darasani, kwa hiari yake, kufundishwa kupuliziwa. Akampigia Mama Nabiswa, waliyejuana naye kwenye mkutano wa maombi ya wanawake Machakos, kwa sababu ndiye mtu pekee wa Nairobi aliyemwamini.

"Mama, keti," Koki akasema. "Nikueleze."

"Nitaketi. Lakini macho sifungi."

"Hakuna aliyekwambia ufunge macho."

"Nasema mapema tu."

Koki akaeleza. Alieleza vizuri, kama alivyowaeleza wateja wa ghala la mabomba alikofanya ukarani huko Industrial Area, kwa utaratibu, bila kuinua sauti. Kwamba Lorine ni mkunga. Kwamba hakuna anayepuliziwa, hakuna anayelala, na anayesikiliza anaweza kuinuka wakati wowote akaenda kuonja chumvi ya mboga. Kwamba hofu hukaza mwili, mwili uliokazwa huuma zaidi, na maumivu yakizidi hofu nayo huzidi. Kazi ya sauti ile na ya pumzi ni kuufundisha mwili kulegea, ili uchungu ukija ukute mlango uko wazi. Kwamba atajifungulia kliniki, mbele ya wakunga, na wakisema kuna hatari yeye atawafuata. Lorine hakuahidi kwamba haitauma. Koki alimpendea hilo hasa.

Mama Nabiswa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hata wale wa mjini huongea vizuri hivyo hivyo," akasema.

Koki alitamani kulia. Angeweza kumweleza jambo la pili, ambalo kwa uzito ndilo lililokuwa la kwanza, lakini hilo hakuwa amemwambia hata Kyule lote. Dada yake Ndete alipojifungua, Koki alikuwa nyuma ya pazia akishika mkoba. Alisikia muuguzi akiuliza, "Ulipokuwa ukiitafuta mimba ulilia hivi?" Alisikia kofi likitua pajani. Kisha watu wengi wakapiga kelele pamoja, sukuma, sukuma, wewe mama unaua mtoto, na mtoto alipotoka kelele ziligeuka kicheko na vigelegele kana kwamba lile jambo jingine halikuwa limetokea. Baadaye Koki alimuuliza dada yake mtoto alikuwa na uso gani alipomwona mara ya kwanza. Ndete akafikiri sana. "Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka kelele tu."

Tangu siku hiyo Koki aliogopa, na mimba ilipoingia hofu ilikua nayo, wiki kwa wiki. Kazini wenzake walimshauri apasuliwe, au achomwe sindano ya mgongo asisikie kitu. Hakuwadharau. Lakini yeye hakuwa anakimbia maumivu. Alitaka kuwa pale, mwenyewe, wakati mtoto wake anafika, na amwone.

"Basi rudi ukamwambie Mwaitu kwamba niko salama," akasema.

"Sirudi kusema nisichokijua. Nimemwahidi nitakuwa nawe mpaka mtoto atoke." Mama Nabiswa akavua viatu, akavipanga kando ya mlango. "Chai iko?"

Ikawa hivyo. Kila asubuhi alitoka Lucky Summer na mkoba wake mkubwa, akaketi kwenye kiti cha Kyule, akaimba nyimbo za kitabu huku Lorine akishusha watu ngazi. Kwa sauti aliyokuwa nayo, kuimba kwake kwa chini kulikuwa kama kwa wengine kuita gari. Koki akimwomba anyamaze, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kukoroma, naye alikuwa amesema hafungi macho.

Na jioni kulikuwa na Kyule.

Kyule alikuwa dereva wa lori, na mpango ulikuwa wazi: yeye ndiye angekaa kando ya mkewe siku ya uchungu na kumsomea maneno ya kutulia. Koki alikuwa ameyatafsiri mwenyewe na kuyapiga chapa kwa maandishi makubwa. Kilichobaki kilikuwa mazoezi.

"'Funga macho,'" Kyule alisoma. "'Pumua ndani kama unanusa mkate... toa pumzi polepole... miguu yako inakuwa mizito...'"

Kisha kimya. Koki alisubiri mstari unaofuata, akadhani ni ile nafasi ya kupumua, akapumua, akapumua tena. Akafungua jicho moja. Kyule alikuwa ameinamia kifua chake, karatasi imemtoka mkononi, analala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

"Kyule!"

"Niko hapa! Miguu inakuwa mizito!"

"Miguu ya nani?"

"Yangu, mama. Hii kitu inafanya kazi, wallahi. Mimi nitazaa bila shida."

Alicheka peke yake. Koki alimtupia mto. Usiku ule alilala akiwa amekasirika, jambo ambalo Lorine alikuwa amemwonya kabisa asilifanye, na kuonywa huko kukamkasirisha zaidi.

Siku yenyewe ilianza asubuhi nyeupe, katikati ya wiki, Koki akifua. Maji yalimtoka hapo hapo kwenye beseni, akasimama akishangaa yapi ni ya nguo. Kyule alikuwa ameombwa na mkubwa wake afanye safari moja tu ya mwisho, kupeleka mzigo Namanga, ndipo apewe likizo.

"Umefika wapi?" Koki akamuuliza kwa simu.

"Nashusha mzigo, mama. Nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya Namanga ama ya hapa?"

"Nakuja," Kyule akasema kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo aliyembebea begi ni Mama Nabiswa. Okinyi, jirani mwenye teksi, aliwafungulia mlango wa gari kwa heshima kubwa, kisha akamtazama Koki kwenye kioo safari nzima.

"Mama, si vibaya nikiuliza? Watu wa laini wanasema hutasikia kitu. Ati ushapuliziwa, unangoja tu kutoa."

Uchungu ulikuja. Koki alishika kiti cha mbele, akatoa pumzi ndefu mpaka ukapita. "Okinyi," akasema, "endesha."

"Sawa, sawa. Lakini kama ni dawa, bibi yangu naye anaihitaji."

Kliniki ilikuwa ndogo na safi. Sista Nduta, mkunga wa zamu, alisikiliza maelezo ya Koki akiwa amekunja mikono, na Koki akaongea haraka kabla uchungu mwingine haujamkatiza: taa hafifu kama inawezekana, sauti za chini, na mtoto akitoka awekwe kifuani, saa nzima ya kwanza iwe kimya. Alijitayarisha kuchekwa.

"Mtoto akiwa mzima na wewe mzima, hilo halinisumbui," Sista Nduta akasema. "Kukiwa na shida tutafanya linalofaa, na hapo sitakuomba ruhusa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hapo Koki alivuta pumzi ya kwanza nzuri ya siku hiyo. Alijilaza ubavu, akaweka simu kando ya mto, akamfungulia Lorine. Ngazi zikaanza. Mahali patulivu. Chini zaidi. Halafu simu ikalia.

"Mwaitu," kioo chake kilionyesha.

Koki alikata, akaanza upya. Lorine akafika ngazi za katikati. Simu ikalia tena. Ilikuwa kana kwamba Mbinya, akiwa Kitui, alikuwa akihesabu hatua zile zile na kumngojea mahali pale pale. Uchungu nao haukungoja mtu. Ulimkuta Koki ameshika simu, amekunja uso, amekaza taya, kila kitu alichofundishwa asikikaze kimekazwa. Na nyuma ya uchungu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hofu ikachungulia: pazia, mkoba, lile kofi.

"Chukua hii!" akamsukumia Mama Nabiswa simu. "Ongea naye! Mwambie chochote!"

Mama Nabiswa akapokea. Sauti ya Mbinya ilisikika chumba kizima.

"Nabiswa! Niko na wanawake wa kanisa hapa kwangu, tumefunga na kuomba. Usikate simu. Mtoto akitoka, piga vigelegele tusikie huku. Tukisikia, tutajua Mungu ameshinda. Nisiposikia, nitajua wamekushika na wewe."

"Nimekusikia, Mbinya," akasema, akaiweka simu mfukoni ikiwa wazi, kisha akafikiri, akaitoa na kuikata. "Nitampigia mimi kwa yangu. Hii naizima, isikusumbue tena. Sasa ni nani wa kukusomea?"

Koki alitoa karatasi chini ya mto. Hakuona njia nyingine, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Mama Nabiswa akavaa miwani, akasimama wima, akajaza kifua.

"'UNASHUKA NGAZI!'"

Mlango ukafunguliwa. "Nani anahubiri humu?" Sista Nduta akauliza.

"Polepole, mama," Koki akamsihi. "Kama unamwambia mtu siri."

"Mimi siri sina." Lakini akaketi, akashusha sauti, na ikashuka kweli, ikawa nzito na nyororo kama sauti ya mtu mwingine. "'Unashuka ngazi. Kila hatua, mwili unalegea. Taya limelegea. Mikono imelegea. Msomaji anyamaze kwa pumzi tatu.'" Akainua macho. "Hapa ninyamaze mimi ama unyamaze wewe?"

"Wewe!" Koki akapiga kelele, ndiyo kelele kubwa kuliko zote zilizosikika chumbani humo siku hiyo. "Wewe, mama! Hiyo ni ya kumwelekeza msomaji, si ya kusomwa!"

"Kwani msomaji si mimi? Nimeisoma."

Koki akacheka. Hakutaka, alikuwa na kila sababu ya kutocheka. Kicheko kilimtoka tu, kikamtikisa tumbo lote, na kilipokwisha aligundua kwamba taya lake lilikuwa limelegea, na mabega, na vidole vya miguu. Uchungu uliofuata ulimkuta hivyo. Ulimpanda kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo, ukafika juu, ukashuka. Uliuma. Uliuma sana. Lakini ulikuwa maumivu peke yake. Ile hofu haikuja nao.

"Endelea," akasema.

Mama Nabiswa akaendelea. Alirukaruka mistari, akarudia mingine, mahali palipoandikwa mwanga wa njano akasoma mwanga wa Bwana. Koki hakumsahihisha. Mchana ukasonga. Kati ya uchungu mmoja na mwingine, nafasi zilipoanza kuwa fupi, Koki alimshika mkono.

"Mama Nabiswa, niahidi. Mtoto akitoka, saa nzima ya kwanza, hakuna kelele. Hakuna maombi ya sauti, hakuna vigelegele. Nataka kumwona. Nataka kumkumbuka."

Mama Nabiswa akamtazama juu ya miwani. "Mwanangu, unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Hujui. Mimi sijawahi kuingia kwa mzazi nikatoka bila kupiga. Wengine wana pesa ya kutoa kanisani. Mimi nina hii." Akagusa koo. "Na mama mkwe wako anangoja. Yule si mtu wa kusamehe haraka."

"Saa moja tu."

Uchungu mwingine ulikuwa unakuja. Koki aliuhisi kiunoni. Mama Nabiswa naye aliuona usoni mwake.

"Haya," akasema. "Nimeahidi. Pumua."

Baada ya hapo hapakuwa na ngazi wala karatasi. Palikuwa na sauti ya Sista Nduta ikisema vizuri, vizuri, subiri, sasa. Palikuwa na mkono wa Mama Nabiswa, ambao Koki aliuminya mpaka ukabadilika rangi. Koki alinguruma, sauti ya chini ambayo hakujua anayo, na hakuna aliyemkemea. Wakati mmoja alisema hawezi. "Huwezi nini, na ndicho hiki unachofanya?" Sista Nduta akamjibu, naye akaendelea. Kisha kitu kikateleza, chenye joto na uzito, na mtoto akawekwa kifuani kwake, akalia mara moja kwa ukali, kama mtu aliyeamshwa mapema, akanyamaza.

"Msichana," Sista Nduta akanong'ona, akazima taa kubwa.

Mtoto alikuwa na paji la uso la Kyule, lenye mikunjo ya mtu anayetafuta njia ya mkato. Nyusi zilikuwa uzi tu. Sikio la kulia lilikuwa limejikunja ukingoni. Alifungua macho, meusi na yenye maji, akamtazama Koki kwa makini, naye Koki akamtazama, akayachukua yote polepole, hakuna aliyemharakisha.

Simu ya Mama Nabiswa ikatetemeka. Akaipokea akiwa pembeni, mkono mmoja umefunika mdomo.

"Amezaliwa," akanong'ona. "Msichana. Wote wazima."

"Basi piga!" Sauti ya Mbinya ilitoka nyembamba, na nyuma yake wanawake wengi. "Piga tusikie!"

"Baadaye, Mbinya. Baada ya saa moja. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Mimi ndiye niliyekutuma!"

"Mama yake."

Mbinya akaongea taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Mjukuu wangu anaingia duniani kama mtoto wa kuibwa, hakuna hata kigelegele. Nilikuamini, Nabiswa. Machakos watajua. Usinipigie tena."

Simu ikakatika. Mama Nabiswa akaitazama, akaiweka mkobani. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na koo lake lilipanda na kushuka kama la mtu anayemeza kitu kikubwa. Akachukua ncha ya leso yake, akaing'ata.

Koki aliona. Alifikiri juu ya mwanamke huyu atakayeingia kanisani Jumapili na kukuta habari zimemtangulia. Alikuwa amepata alichokitaka. Alikuwa amemwona mtoto wake. Akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto.

"Mama," akanong'ona. "Piga tu. Mpigie sasa, umsikilizishe. Si neno."

Mama Nabiswa alitoa leso mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Nilisema saa nzima," akasema, kwa sauti ndogo sana kiasi kwamba Koki aliisoma zaidi midomoni kuliko kuisikia.

Nje, kwenye ukumbi, toroli ya chakula ilikuwa inakuja ikigongana na kila mlango. Mama Nabiswa akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akapita sakafuni kwa soksi na kuufunga mlango taratibu, akiushikilia kwa viganja vyote viwili mpaka kitasa kikaingia bila mlio.